Madoa ya chunusi, leza na jua la Unguja

Chunusi zangu ziliacha madoa mashavuni na tayani, mengine ya kahawia, mengine ya kijivu. Nikienda harusini, lazima mama mmoja anishike kidevu: "Uso umefanyaje, mwanangu?" Shoga yangu alinielekeza Darajani, sokoni, kwenye kopo la krimu lisilo na lebo. Nilikataa. Mikorogo mingi ina zebaki, na zebaki hupenya ngozini ikadhuru figo. Nilichotaka ni leza, mashine ya mwanga mkali wa kufifisha madoa, nikaanza kuweka pesa.

Daktari wa ngozi, mama wa makamo, aliniuliza swali moja tu: "Chunusi bado zinatoka?" Nikamjibu zinatoka mojamoja, hasa karibu na hedhi. "Basi leza isubiri, mwanangu. Kila chunusi mpya itakuletea doa jipya." Akanifahamisha kwamba ngozi nyeusi ikipata uvimbe humwaga rangi nyingi, na joto la leza isiyofaa huiumiza vilevile. Unaingia na doa la kunde, unatoka na doa la sarafu.

Akaniandikia krimu mbili za chunusi na madoa, adapalini ya usiku na asidi ya azelaiki ya asubuhi, na losheni ya kukinga jua ya SPF 50, yaani kipimo cha kinga yake. Ya rangi, alisisitiza, yenye oksidi ya chuma, kwa sababu hata mwanga tunaouona kwa macho huitia weusi ngozi yetu.

Losheni ndiyo iliyonipa kazi. Hupakwa tena kila baada ya saa mbili ukiwa juani, na sisi tunatia udhu Adhuhuri na Alasiri, jua likiwa kali. Nikajipangia: naosha uso kwa sabuni laini hadi losheni itoke yote, natia udhu, naswali, kisha napaka upya, urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo. Kichupa kinakaa kwenye mkoba pamoja na msala. Mtandio nao hufuta losheni tayani, kwa hiyo hapo naongeza.

Miezi ikapita, madoa ya kahawia yakafifia. Ya kijivu yakabaki, maana rangi yake imezama chini zaidi.

Hapo ndipo nikapanda boti kwenda Dar. Kliniki ya kwanza niliyoipigia haikutaka kunambia mashine yake ni ya aina gani, nikaachana nayo. Nilikuwa natafuta aina ya leza iitwayo Nd:YAG, yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanometa 1064: mawimbi yake marefu hayanyonywi sana na rangi ya juu ya ngozi, hivyo hatari ya kuungua hupungua. Ya pili walikubali kujaribu kwanza sehemu ndogo karibu na sikio, tukangoja wiki kadhaa tuone kama itaingia weusi. Haikuingia.

Siku yenyewe nilivishwa ngao za chuma machoni. Mashine inalia tak-tak-tak, kila mlio na mchomo wake, na karibu na mfupa wa taya machozi yalinitoka. Jioni uso ulikuwa mwekundu na wa moto. Kwenye boti nilikaa ndani, mbali na dirisha.

Baada ya kurudia mara kadhaa, madoa ya kijivu yalipungua sana. Kwa haki, kazi kubwa zaidi ilifanywa na krimu na losheni. Lipo moja kidevuni ambalo daktari amekataa kuligusa tena, maana leza ikizidi huweza kuacha mabaka meupe, na hayo kuyaondoa ni shida kubwa. Nimekubaliana naye. Adapalini bado natumia, na nikipanga kubeba mimba nitaiacha, kama alivyonionya.