Mach 0.90 inakula mafuta kiasi gani? Hesabu ya Gulfstream G650ER

Wanunuzi wa ndege hii binafsi ya masafa marefu huuliza kwanza kasi ya juu kabisa: Mach 0.925, yaani asilimia 92.5 ya kasi ya sauti. Mimi ningeuliza takwimu nyingine mbili. Kwa Mach 0.85, G650ER hufika maili za baharini 7,500. Kwa Mach 0.90, 6,400. Mafuta ni yale yale, tani 21.9 hivi, kwa hiyo kila maili inakula takriban asilimia 17 zaidi. Unachopata kwenye safari ya kilomita 10,000 bila upepo ni dakika 37 hivi.

Lawama kubwa si ya injini. Ukikaribia Mach 0.90, hewa inayopita juu ya bawa huvuka kasi ya sauti, mawimbi ya mshtuko hujitokeza na ukinzani hupanda ghafla. Injini inadaiwa msukumo zaidi kwenye hewa nyepesi, mahali ambapo akiba yake ni ndogo.

Kwa nini basi wasifunge feni kubwa? Trent XWB, injini ya ndege ya abiria Airbus A350, hupitisha nje ya kiini hewa mara 9.6 ya ile inayoingia ndani. BR725, injini ya G650ER yenye feni ya inchi 50, ni mara 4 na kidogo. Feni pana hubana mafuta vizuri, lakini hudai kasha nene lenye ukinzani wake, na msukumo wake hufifia haraka zaidi ndege ikiongeza kasi na kimo. Kwa ndege ya kwenda hadi futi 51,000, hilo ni tatizo.

Karibu na ikweta kuna jambo linalosahaulika. Futi 49,000 juu ya Afrika Mashariki, joto mara nyingi hushuka hadi −70°C, wakati kipimo sanifu cha angahewa kwa kimo hicho ni −56.5. Injini hufurahia baridi, ila kasi ya sauti nayo hupungua: Mach 0.85 inakuwa 874 km/h badala ya 903. Panga muda kwa kasi halisi, usitegemee namba ya Mach.

Kwa kawaida chagua kasi ya masafa marefu, inayoacha asilimia 1 tu ya umbali wa juu kabisa. Upepo ukiwa wa mbele, ongeza kidogo. Ukiwa wa nyuma, punguza. Mafuta yakipungua na ndege ikawa nyepesi, panda kwa hatua.

Joto la gesi ya turbaini likianza kupanda kwa msukumo ule ule, shuku kompresa chafu, sehemu ya injini inayobana hewa. Huoshwa injini ikiwa imepoa: funga vali za hewa ya kabini, zungusha injini kwa stata (mota ya kuanzishia) bila kuwasha, pulizia maji yasiyo na madini, suuza, kisha iwashe ikauke. Heshimu muda wa kupumzisha stata, maana huungua ukiizungusha mfululizo.