Gemu ya PS2 ikisuasua kwenye kompyuta, soma namba kwanza

Jamani, nina furaha! Kompyuta ya mezani ya mdogo wangu hapa Soweto, Mbeya, sasa inacheza gemu za PS2 (PlayStation 2) bila kukwama.

Tunatumia PCSX2, emyuleta ya bure, yaani programu inayoifanya kompyuta iige PS2. Inahitaji BIOS, yaani programu ya ndani inayoiwasha PS2, nasi tuliitoa kwenye PS2 yetu ya zamani ambayo lenzi imechoka lakini bado inawaka.

Shida ilikuwa mpira kutambaa uwanjani, na sauti ya mtangazaji kuvutika na kukatikakatika. Dogo akakata tamaa: "Kaka, hii mashine imechoka, tuiuze tu." Nikamwambia atulie. Nikawasha namba za kwenye kona ya skrini: kasi asilimia 60 hivi, prosesa ina nafasi tele, ila kadi ya picha imejaa pomoni. Hapo jibu liko wazi. Ubora wa picha ulikuwa mara 4 ya asili, yaani mara 4 kwa upana na mara 4 kwa urefu, nukta mara 16! Kadi ndogo ya ndani ya prosesa haibebi mzigo huo. Tukashusha hadi kiwango cha asili, kasi ikapanda 100. Baadaye hata mara 2 ikakubali.

Kama kwako kilichojaa ni prosesa, kushusha picha hakutasaidia sana. Angalia kama Windows haiko kwenye hali ya kubana umeme. Na diski za PAL (mfumo wa TV wa Ulaya na kwingineko) kwa kawaida huenda picha 50 kwa sekunde, si 60, kwa hiyo ukiona 50 na kasi ni asilimia 100, wewe cheza tu.