Nilivyofanya maganda yangu ya .308 yatoke saizi moja

Habari zenu wakuu, naomba niandike hili kwa urefu kidogo maana limenisumbua karibu msimu mzima na nikalimaliza, na najua kuna wenzetu wanaoishi huku Marekani wanaowinda na wanaojaza risasi zao wenyewe nyumbani kama mimi.

Nipo Pennsylvania, bunduki yangu ni ya bolti (lile komeo la mkono linalofunga nyuma ya risasi), inatumia risasi za .308 Winchester, naitumia kwa kulungu mwisho wa Novemba na miezi mingine naenda renji kulenga karatasi tu. Maganda, yale makasha ya brasi yanayobaki ukishapiga, huwa siyatupi, narudi nayo nyumbani naondoa praima (kile kiwashio kidogo cha kitakoni), nasafisha, narudisha saizi kwa presi, naweka praima mpya, baruti na kichwa. Ganda likipigwa linavimba mpaka linajaza chemba, ile sehemu ya bunduki risasi inapokaa, kwahiyo lazima ulibane tena ndo liingie vizuri, na hapo kwenye kubana ndipo shida yangu ilipokuwa.

Mwanzo nilifuata maelekezo yaliyokuja na dai, kile chuma chenye tundu kinachofungwa juu ya presi na kulibana ganda. Unapandisha ramu (nguzo ya presi inayobeba ganda) mpaka juu, unashusha dai mpaka iguse kishikio cha ganda, halafu unaongeza robo mzunguko. Nikafanya hivyo mwaka mzima bila kupima chochote. Tatizo, risasi nyingine bolti inafunga yenyewe ukiisukuma na kidole kimoja, nyingine zinakaza kidogo, na kwenye karatasi matundu ya risasi zangu yanatawanyika bila sababu ninayoiona. Halafu siku moja nasafisha maganda yaliyokuwa yamepigwa mara ya tano nikaona moja lina mstari unaong'aa umezunguka ganda lote, juu kidogo ya kitako. Nikachukua waya mwembamba nimeukunja ncha, nikauingiza ndani nikaupandisha taratibu kwenye ukuta wa ganda, ncha ikanasa kwenye mfereji. Yani brasi pale ilishakonda, safari moja au mbili mbele lingeweza kukatika ndani ya chemba na gesi ya moto ikanirudia usoni. Niliyaharibu yote ya boksi lile siku ileile, nikayaminya na koleo ili yasitumike tena.

Sababu ni hii: dai ilikuwa inalirudisha bega, pale ganda linapoanza kupungua kuelekea shingo, nyuma kupita kiasi. Ukipiga, pini inalisukuma ganda mbele, ukuta wa mbele unanasa kwenye chemba kwa presha, kitako kinarudi nyuma kugusa bolti, na kile kinachonyooka ni brasi ya karibu na kitako. Ukirudia kila mara, panakonda panakonda mpaka panakatika.

Mzee mmoja jirani yangu, fundi mashine mstaafu, akaniambia kijana we huna tatizo la dai, una tatizo la kutopima. Akaniazima kompareta yake, kile kidude unafunga kwenye kalipa (rula ya kubana ya kupimia vitu vidogo) kinashika katikati ya bega, kwa .308 ni pale bega lilipo na upana wa inchi 0.400. Nikaondoa praima kwanza, maana praima iliyopigwa inaweza kuwa imetokeza kidogo ikakudanganya kipimo, nikapima maganda kumi yaliyopigwa kwenye bunduki yangu. Marefu kuliko yote yakasoma inchi 1.632 kutoka kitako mpaka bega. Nikapima yale niliyokwisha kuyabana: 1.624, 1.628, 1.625, 1.630, 1.626. Nilikaa pale kwenye benchi naangalia namba zile kwa muda mrefu. Kwanza karibu yote mafupi mno, na pili hakuna mawili yanayofanana na dai sijaigusa.

Ufupi ulikuwa rahisi kutibu. Kwa bunduki ya bolti bega likirudi thau 2 tu, yani elfu mbili za inchi, inatosha, kwahiyo nilitaka 1.630. Nyuzi za dai ni 14 kwa inchi, mzunguko mzima ni kama thau 71, kwahiyo ukiichukulia dai kama uso wa saa, alama moja ya dakika ni thau moja na kitu. Ile robo mzunguko ya maelekezo ni kama thau 18! Nikailegeza dai, nikachora mstari kwa kalamu kwenye dai na kwenye presi, nikawa nateremka dakika moja moja nabana ganda napima, na najaribu kwenye bunduki nimetoa pini ya kufyatulia na kitema ganda kwenye bolti, ili nisikie ganda lenyewe tu. Mpini wa bolti ulipoanza kushuka kwa uzito wake nikafunga nati ya dai.

Kutofanana ndo kulinitesa. Dai ni ileile, mkono ni uleule, bado natofautiana thau 4. Kumbe brasi ni shaba na zinki, kila ukiipiga na kuibana inakuwa ngumu, na ikiwa ngumu inarudi kama springi ukiachia presi. Mimi nilikuwa nachanganya maganda ya mara ya pili na ya mara ya sita kwenye beseni moja! Nikayatenga kwa kampuni na kwa idadi ya kupigwa, na saivi nayachoma shingo na bega kila baada ya kupigwa mara mbili, taa zimezimwa, gesi ya propeni, ganda linazunguka ndani ya soketi kwenye drili taratibu, shingo ikianza tu kuonyesha wekundu hafifu sana nalidondosha. Kitako hakitakiwi kupata moto kabisa, kikilainika ganda hilo ni hatari, kwahiyo kitako kinakaa ndani ya soketi muda wote.

Cha pili mafuta. Nilikuwa napaka kwa kidole, moja jingi moja kidogo. Yakizidi yanajikusanya kwenye bega na kuacha kidimbwi, nilikuwa nayo matano hivi, yakipungua ganda linakaza na presi inajikunja. Sasa natumia lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) na spiriti, sehemu 1 kwa 12, nanyunyizia kwenye mfuko, natikisa, nasubiri spiriti ikauke yote. Na ndani ya shingo napitisha brashi yenye mafuta kidogo, maana lile tufe la kupanulia shingo lililo ndani ya dai likitoka kavu linavuta bega mbele, usikie ule mlio wa kukwaruza ujue tayari.

Cha tatu, ramu ikifika juu natulia, nahesabu mpaka tano, ndo nashusha. Hili tu lilinipunguzia thau moja nzima.

Jumapili iliyopita nimebana 50, nikapima yote moja moja mke wangu ananiandikia namba. Fupi kuliko yote 1.6295, ndefu 1.6305. Urefu wa ganda nimekata 2.005 maana mwisho ni 2.015. Boksi nimeliandika juu: mara 4, imechomwa, 1.630. Wenye maswali kuhusu kuset dai niulizeni, ila mkiuliza mje na kipimo cha maganda yaliyopigwa kwenye bunduki zenu, yangu haiwasaidii.