Siki, fenoli na mtihani wa mpwa wangu

Mpwa wangu yuko S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, hapa Kampala, na kemia ya UACE, mtihani wa kumaliza, inamnyima usingizi. "Mjomba, nitajuaje mmenyuko unaelekea upande gani?" Ametwishwa orodha ndefu ya kukariri, masikini. Nikamwambia aiweke kando, atafute asidi iliyo kila upande wa mlinganyo, kisha alinganishe pKa, namba inayopima nguvu ya asidi. Yenye pKa ndogo ndiyo yenye nguvu, na msawazo, yaani pale mmenyuko unapotulia, huegemea upande wa asidi dhaifu. Basi.

Tukamimina siki juu ya bikaboneti ya sodiamu kikombeni. Mapovu yakapanda mpaka yakamwagika juu ya kitambaa cha meza (dada yangu hakufurahi hata kidogo). pKa ya asidi ya asetiki, ile ya siki, ni 4.76; ya asidi ya kaboni, inayotokea upande wa pili, 6.35. Tofauti ni 1.59, na 10 kwa kipeo cha 1.59 ni karibu 39. Hiyo ndiyo K, namba ya msawazo: ikizidi 1, mmenyuko unaelekea mbele. Tena gesi ikishatoroka, mmenyuko unazidi kusonga mbele.

"Na fenoli je?" Hiyo ni asidi dhaifu sana, pKa yake ni karibu 10. Akapiga hesabu mwenyewe: K ndogo mno, mapovu hakuna. Ndiyo maana bikaboneti hututofautishia fenoli na asidi za kaboksili, kama ile ya siki.

Sasa anataka ndimu. Asidi ya sitiriki, 3.13. Safari hii tunafanyia nje.