Oili ya dizeli yangu ilipoanza kupanda

Gari langu ni dizeli ya Kijapani ya lita 2.2, lina turbo na DPF, lile chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Naishi Tabata, Dar es Salaam, na kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji, kwa hiyo siku nyingi linashinda kwenye foleni. Kilichonishtua ni stiki ya oili. Kila nikipima asubuhi, injini ikiwa imepoa, oili ilikuwa juu kuliko mara iliyopita, mpaka ikaipita F, alama ya kujaa, na kuanza kuisogelea ile alama ya X iliyo juu yake. Fundi akaniambia, "Bosi, shukuru Mungu, mashine hii haili oili." Sikuridhika. Oili haizaliani. Ikizidi, ujue kuna kitu kimeingia.

Maji hayakuwa. Oili haikugeuka rangi ya maziwa na redieta haikupungua. Nikadondosha tone moja kwenye tishu, nikaliacha hadi asubuhi: doa jeusi lilibaki katikati, na pembeni yake lilitanda duara jepesi lililonuka dizeli.

Dizeli hufikaje kwenye oili? DPF ikianza kujaa, kompyuta ya gari hupulizia dizeli ya ziada wakati pistoni inashuka, ili moshi upate joto la kama nyuzi 600 na masizi yaungue. Dizeli nyingine haiungui. Hugonga ukuta wa silinda, hupenya kwenye ringi na kushukia kwenye oili. Kazi hiyo hutaka kama robo saa ya mwendo usiokatika. Ukizima gari katikati, itaanza tena safari nyingine, na dizeli nyingine itashuka. Oili inakuwa nyepesi, na beringi za injini na turbo zinakosa utando wa kuzilinda. Ikizidi sana, injini inaweza kuivuta kupitia bomba la kupumulia na kuichoma kama mafuta, ikanguruma yenyewe hata ukizima swichi.

Nikanunua kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kompyuta ya gari na kuonyesha kwenye simu. Nilichokiona sikukitarajia: hata kwenye barabara iliyo wazi, maji ya injini yalikaa nyuzi 65 hadi 70, na oili ilikuwa chini ya hapo. Dashibodi ilikuwa kimya kabisa, hakuna taa iliyowaka. Tulipofungua, themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye redieta mpaka injini ipate moto, haikuwemo. Ilitolewa siku redieta ilipotengenezwa.

Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu gereji nyingi bado zinatoa themostati zikiamini kuwa nchi ya joto haiihitaji. Joto la Dar ni nyuzi 30 na kitu. Injini inahitaji maji ya nyuzi 80 na zaidi ndipo ifanye kazi sawasawa. Injini iliyopoa haiunguzi mafuta vizuri, hutoa masizi mengi, na kompyuta huchelewa kuruhusu masizi yachomwe. Kama gari linachemka, tafuta redieta iliyoziba, feni mbovu au pampu ya maji. Themostati iache mahali pake.

Tulifunga mpya, tukamwaga oili yote na kubadilisha filta. Maji yakatulia karibu na 85, na oili ikaanza kupita 90 kwenye barabara kuu. Nilijifunza pia kwamba maji hupata moto mapema na oili hufuata nyuma kwa dakika kadhaa, kwa hiyo sikanyagi sana mafuta mpaka nione namba ya oili yenyewe.

Siku hizi najua gari linapochoma masizi: mngurumo likiwa limesimama unapanda, feni inavuma, na matumizi ya mafuta yanaruka. Nikiliona hivyo karibu na nyumbani, sizimi. Nazunguka Barabara ya Mandela usiku, foleni ikiwa imeisha, mpaka limalize. Jumapili alfajiri, kabla malori hayajajaa, naelekea Kibaha na Mlandizi kwa mwendo mmoja.

Wenzangu wa petroli yenye turbo wananiambia safari ndefu huishusha oili. Kwao ni kweli kwa kiasi kikubwa, maana petroli nyingi hufuka oili ikifika nyuzi 90 au 100. Dizeli huanza kuchemka karibu na nyuzi 180, kwa hiyo ikishaingia haitoki kwa joto la barabarani. Dawa ni kumwaga. Natumia oili ya daraja la C3, yenye majivu machache ili isizibe DPF, na namwaga kila kilomita 5,000. Msimu wa mvua, foleni zinapokuwa mbaya, stiki bado hupanda kidogo. Ikikaribia X namwaga, hata kama kilomita hazijafika.