Farumi ya chuma

Mkokotoni, usiku

Leo baada ya Isha nilikaa barazani na mjomba wangu, aliyekuwa nahodha wa mashua kati ya Tumbatu, Mkokotoni na Pemba kwa sehemu kubwa ya umri wake, nikamwonesha kwenye simu yangu mbio za mwisho za Star, aina ya mashua za tanga za mashindano, katika Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012, ambazo zilifanyika baharini huko Weymouth. Nilidhani ataniuliza nani alishinda. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Chombo hiki farumi yake iko wapi, mwanangu?"

Farumi ni uzito unaowekwa chomboni ili kisipinduke. Nilifurahi mno kwa swali hilo, kwa sababu ndilo swali la mchezo wenyewe. Star ni chombo cha watu wawili, urefu wake karibu mita 7, uzito wake kama kilo 671, na sehemu kubwa ya uzito huo ni chuma kilichofungwa chini kabisa, kwenye mkuku, yaani uti wa chini wa chombo. Hakihamishwi na hakiguswi mbio zinapoendelea. Kinachohamishwa ni mwanadamu: yule wa mbele hujifunga mkanda, akajitupa nje upande wa goshi, yaani unakotoka upepo, akaning'inia ubavuni mwa chombo hata mgongo wake ukawa unakaribia kulamba mawimbi. Mjomba aliisogeza simu karibu na macho, akamtazama mtu huyo kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba kazi ile anaijua, ila wao waliifanya kwa viroba vya mchanga.

Viroba hivyo navijua mimi pia. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili nilipopandishwa kwa mara ya kwanza kwenye mashua ya mashindano, siku ya pili ya Idi, kusi likivuma kwa nguvu katika mkondo wa Tumbatu. Kazi yangu ilikuwa moja: kila tunapobisha, yaani tunapogeuza chombo kuukabili upepo, na tanga linapogeuzwa, nihamishe viroba kutoka upande wa demani, unakoelekea upepo, kwenda upande wa goshi kabla upepo haujalijaza tanga upya. Katika mbisho wa tatu kiroba kimoja kilinasa kwenye taruma, ubavu wa mbao wa ndani ya chombo, nikakivuta kikapasuka, mchanga ukamwagika wote ndani ya ngama, sehemu ya chini kabisa ya chombo, na mashua kikalala ubavu hata maji yakaingia. Tulikuwa wa pili. Tulimaliza tukiwa wa mwisho. Hakuna aliyenigombeza, lakini mpaka leo nikishika mchanga mbichi naukumbuka uzito ule viganjani.

Ndiyo maana naipenda Star. Hesabu ya mashindano yao huenda kinyume na mpira: anayemaliza wa kwanza hupewa pointi 1, wa pili 2, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Mbio za mwisho za London zilishirikisha kumi bora tu, na pointi zake zilizidishwa mara mbili. Waingereza Iain Percy na Andrew Simpson, waliokuwa na dhahabu ya mwaka 2008, waliianza siku ile wakiwa na 18. Wabrazili Robert Scheidt na Bruno Prada walikuwa na 26, na Waswidi Fredrik Lööf na Max Salminen 30. Nafasi ya sita ingewatosha Waingereza. Walimaliza wa nane, wakafikisha 34, na Waswidi, waliomaliza wa kwanza, wakafunga hesabu kwa 32. Nilipomweleza mjomba alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Ukiwa na wawili nyuma yako, na tanga lako ni moja," alisema, "utamkinga yupi upepo?"

Lööf alikuwa na miaka 42 siku ile, na ilikuwa dhahabu yake ya kwanza baada ya Olimpiki nyingi. Katika vyombo vya mkuku kushinda katika umri kama huo hakukuwa ajabu. Nikamsimulia mjomba habari za Durward Knowles wa Bahamas, mtu wa visiwa kama sisi, ambaye kazi yake ilikuwa kuingiza meli katika bandari ya Nassau. Mwaka 1964 katika Michezo ya Tokyo, akiwa na miaka 46, yeye na Cecil Cooke waliipatia nchi yao dhahabu ya kwanza ya Olimpiki, na chombo chao kilikuwa Star. Mwaka 1988 alirudi tena Olimpiki akiwa na miaka 70. Mjomba ana sabini na mbili. Alinitaka nirudie umri huo, nikaurudia.

Nililoona gumu kumweleza ni kwamba vyombo hivi havimo tena. Mwaka 1972 aina za mashua zilizoshindanishwa katika Olimpiki zilikuwa sita, na nne kati ya hizo zilikuwa za mkuku mzito. Star yenyewe ilidumu kuanzia 1932 hadi 2012, ikikosekana mwaka 1976 tu. Mwaka 2011 shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilipiga kura kuiondoa, na Rio de Janeiro 2016 hakukuwa na hata chombo kimoja cha mkuku. Vilivyobaki ni vyepesi na vya kasi, vinavyodai miili michanga, na sikatai kwamba vinapendeza kutazama. Lakini naamini kwa dhati kwamba Olimpiki ilifunga mlango ambao baharia wa makamo, anayeijua bahari kwa kuiishi, alikuwa akiingilia, na naona hilo ni kosa.

Kabla hatujaagana nilimwambia kwamba Simpson, yule mwenye mkanda, alifariki mwezi Mei 2013 huko San Francisco, chombo walichokuwa wakifanyia mazoezi kilipopinduka. Mjomba alinyamaza. Kisha akaniomba niirudishe picha nyuma, pale anapoonekana akining'inia upande wa goshi, maji yakimrukia kifuani, niisimamishe hapo hapo.