Kushuka Mto Pangani na maji

Safari ya kayaki kutoka mtoni hadi baharini huanzia kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa la Tanga, wala si kwenye makasia. Jedwali hilo linataja saa na kimo cha maji tu. Nguvu ya mkondo utaijua kwa macho: zitazame mashua zilizotia nanga, omo, yaani sehemu ya mbele, huelekea maji yanakotoka.

Wengi hupenda kushuka na maji ya kupwa kwa kuwa yanabeba. Mimi siyaamini. Yakitoka hujumuika na maji ya mto wenyewe, kasi ikazidi ile ya kujaa, na katika saa ya tatu na ya nne tangu kupwa kuanze karibu nusu ya maji yote huwa yanapita. Mlangoni pa mto yanakutana na mawimbi ya bahari juu ya fungu la mchanga. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma, mawimbi husimama, yakawa mafupi na kuvunjika. Anayefika hapo na mkondo mgongoni hawezi kurudi.

Kwa hiyo tunapanga kufika mlangoni maji yakikaribia kusimama, tukipiga kasia dhidi ya mwisho wa kujaa. Inachosha, lakini njia ya kurudi inabaki wazi. Siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka zaidi ya mita 3, kundi lenye wageni lisiende. Maji mafu, yaani siku maji yanapopanda na kushuka kidogo, yanafaa zaidi: mkondo ni mpole, na kujaa huangukia katikati ya asubuhi, kabla upepo wa mchana haujapanda.

Anayejua njia atangulie, mwenye kamba ya kuvutia na uzoefu wa kuokoa awe wa mwisho. Ishara ni hizi: kasia wima, njooni. Kasia likishikwa mlalo juu ya kichwa, simameni. Kati ya mji wa Pangani na Bweni ng'ambo ya mto, pantoni ipitwe kwa nyuma, kundi likiwa limekusanyika. Jaketi la kuokolea lifungwe tangu ufukoni, na kila mtu awe na maji ya kunywa lita 2 au 3.

Penye fungu tunapita mmoja mmoja. Ukipinduka, shika kayaki na ukae upande wa baharini. Ukiwa upande wa nchi kavu, wimbi litakusukumia chombo kichwani. Mawimbi yakivunjika upana wote wa mlango, tunashukia upande wa mjini, ndani ya mto, na bahari tunaiacha siku hiyo.